Kichanja cha Wachuka

Wachuka alikuwa ameshasamehe kuchomewa nyumba. Hilo kila mtu wa Mwihoko alilijua, na mara nyingine yeye mwenyewe alilikumbusha, wasije wakasahau. Lakini kuitwa "wanawake wengine" kulimshinda kusamehe.

Neno lenyewe lilimfikia Jumatano jioni kwa simu. Binti yake Shiko, anayefanya kazi Nakuru mjini, alikuwa akimsomea karatasi iliyotumwa kwenye grupu ya WhatsApp ya kamati ya amani. Karatasi ilitoka mbali, katika bunge la nchi moja ya baridi kule Ulaya, ambako wabunge walikuwa wakijiandaa kupigia kura hoja ya kulinda mkataba wa mbegu wa watu wa Kuresoi, kwetu. Wachuka alikuwa akimenya viazi, simu iko juu ya meza, spika imefunguliwa. Kisu kikasimama.

"Rudia hapo."

"Ni Kizungu kingi tu, mum. Inasema bunge inatambua kazi ya Sally Chebet, ati ndiye alifikiria hiyo maneno ya kubadilishana mbegu, pamoja na wanawake wengine wa hiyo area."

"Na jina langu liko wapi?"

Shiko akaipitia tena karatasi. Kwenye simu zilisikika honi za magari ya mjini. "Nimesoma mpaka mwisho. Sally ako mara tatu. Wewe hauko. Labda uko kwa hao wengine."

Wachuka alimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akakimenya mpaka kikabaki kama gololi, kisha akakitupa kwenye sufuria. Kijiba cha roho kilikuwa kimeshamwingia.

Hapa lazima nieleze, maana mgeni hawezi kuelewa kwa nini mama wa watu ashindwe kula kwa ajili ya sentensi moja. Barabara ya murram, ya vumbi jekundu, inayotoka mji mdogo wa Keringet ndiyo inayogawa sehemu zetu mbili. Juu yake ni Kaptich, kwa Wakalenjin. Chini yake ni Mwihoko, kwa Wakikuyu ambao baba zao walinunua shamba la mzungu kwa kuchangishana. Mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, pande hizo zilichomeana nyumba na maghala. Watu wa Mwihoko walikaa kambini karibu miaka miwili, na waliporudi hawakuwa na mbegu ya viazi hata ya kuonja. Wa Kaptich nao hawakuwa nayo.

Siku moja mwaka wa 2010, wanawake wa pande zote mbili walikuwa kibaruani katika shamba la tajiri mmoja, wakichagua viazi bila kuangaliana usoni. Wachuka akainua kichwa akasema maneno ambayo hajayasahau hata moja. Mwaka huu, alisema, mbegu zangu nitaziweka kwenu, na nyinyi mziweke zenu kwangu. Anayetaka kuchoma ghala la jirani, achome mbegu yake mwenyewe. Wenzake walicheka. Sally Chebet peke yake, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya rundo, hakucheka. Alimtazama tu, kisha akauliza, "Na ufunguo atashika nani?"

"Mwenye mbegu," Wachuka akajibu.

Basi ikawa hivyo. Watu arobaini na mmoja walitia sahihi kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Tangu hapo mbegu za Mwihoko hukaa katika ghala lililo bomani kwa Sally, na ufunguo wake anao Wachuka. Mbegu za Kaptich hukaa katika ghala lililo nyuma ya jiko la Wachuka, na ufunguo wake anao Sally. Ndani, kila familia ina kichanja chake cha mbao, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe. Hakuna anayetoa mbegu peke yake. Mvua ya Machi ikikaribia hutangazwa siku, na pande zote mbili hutoa siku hiyo moja, saa hiyo moja. Chaguzi tatu zimepita hivyo. Kila zilipokuja, wenye viberiti mifukoni walikumbushwa na mama zao viazi viko wapi.

Sasa nchi hiyo ya baridi ilikuwa imeahidi kujenga Keringet ghala moja kubwa la kisasa, lenye mitambo, mbegu zote za Kuresoi ziwekwe humo. Wanasiasa walilipenda mno. Aliyeshtuka ni Levis Owuor wa ofisi ndogo ya amani kule Nakuru, mjukuu wa fundi wa reli, mtu mpole anayevaa koti hata jua likiwaka. Mbegu zote zikiwa Keringet chini ya kufuli la kampuni moja, aliuliza, nani atajali ghala la jirani? Tena uchaguzi ni mwakani. Aliandika barua mpaka akapata wabunge wachache kule waliokubali kuleta hoja: serikali yao isijenge ghala hilo mpaka mkataba wa Mwihoko na Kaptich uwe salama. Kura ilikuwa ipigwe Jumanne. Kabla ya hapo, Alhamisi mchana, wabunge watatu wangefika kuyaona maghala yetu kwa macho yao.

Na karatasi waliyokuwa wakija nayo ilisema aliyeanzisha yote hayo ni Sally.

Lililomkata maini Wachuka zaidi ni uji. Wiki tatu nyuma, Sally alimwambia kwamba anakwenda Nakuru kung'oa jino. Wachuka alimhurumia kwa moyo mmoja. Alipika uji wa wimbi, akautia kwenye thermos, akapanda nao kilima chote kile hadi Kaptich, akakaa akimtazama Sally akiunywa polepole, kiganja shavuni. Sasa Shiko alikuwa amemsomea kwamba Bi Sally Chebet alihojiwa kwa video katika ofisi ya Levis, na tarehe ilikuwa imeandikwa. Ilikuwa tarehe ya jino. Ofisini huko Sally alikuwa amekaa mbele ya kompyuta na Kiingereza chake cha shule ya misheni, amevaa sweta jipya bila shaka, akieleza jinsi alivyoamka asubuhi moja akiwa na wazo.

Wachuka hakuwa mtu mbaya. Lakini usiku huo alipolala ubavuni mwa mume wake Muiruri, alimpitia Sally kuanzia juu mpaka chini. Ile shingo ndefu. Yale meno, kumbe yote yamo. Ile namna yake ya kunyamaza mpaka watu wadhani anafikiria. Alikumbuka hata kuku aliyempa miaka sita iliyopita, jinsi alivyotaga vizuri kule Kaptich kuliko alivyowahi kutaga kwake. Alfajiri alikuwa ameshapata mpango, na mpango wenyewe ulionekana mdogo na wa haki.

Angetoa mbegu zake. Zake tu, magunia manne. Wageni wangeingia katika ghala la kwa Sally, wapite wakitazama vichanja vilivyojaa, wafike katikati, mahali pazuri kuliko pote, na hapo wakute kichanja kitupu chenye jina WACHUKA. Wangeuliza huyu Wachuka ni nani. Levis, ambaye hajui kudanganya, angelazimika kueleza. Ndivyo jina lake lingefika bungeni.

Alifunga punda kwenye mkokoteni saa kumi na mbili unusu. Muiruri alikuwa anakamua. Bomani kwa Sally hakukuwa na mtu. Sally alikuwa ameshuka Molo kusukwa nywele kwa ajili ya wageni, jambo ambalo nalo Wachuka aliliandika moyoni. Alifungua ghala kwa ufunguo wake. Hewa ya ndani ilinukia udongo na viazi vilivyoanza kuchipua. Alivijaza kwenye magunia kimoja kimoja mwanzoni, akilinda machipukizi yasivunjike, kisha kwa viganja viwili, kisha kwa ndoo. Alipofunga kufuli alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu jana.

Alikutana na Kamande kwenye barabara ya murram. Kamande ni jirani yake wa karibu, baba wa watoto watano, mwanamume anayeogopa mambo kabla hayajafika. Alisimamisha baiskeli, akatazama magunia ya viazi, akatazama alikotoka Wachuka.

"Mama Shiko, hizo waru si ni za kwa store? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Wachuka akasema, na akapita.

Afadhali angesema chochote kingine. Mahali pengine duniani mtu akiambiwa hakuna kitu huenda zake. Kwetu, Desemba ile ya 2007, waliokuwa wamepata habari mapema walibeba magodoro yao wakipita barabara hiyo hiyo, na kila walipoulizwa walijibu hakuna kitu. Kamande wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliwaamini, na siku tatu baadaye akapoteza kaka yake. Aligeuza baiskeli.

Wachuka alipanga mbegu zake chini ya kitanda cha Shiko, akaoga, akavaa rinda lake la kijani. Saa nne aliposikia mlio wa mikokoteni alidhani ni watu wanaokwenda kupamba kwa ajili ya wageni. Alitoka akasimama langoni. Nusu ya Mwihoko ilikuwa ikipanda kilima na magunia matupu mabegani. Wengine walikuwa wakishuka, yamejaa. Walikuwa wamempigia kelele ya ufunguo, kumbe, akiwa bafuni. Walipomkosa waling'oa kufuli la kule juu kwa mtaimbo. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Mama mmoja alikuwa amefunga mtoto mgongoni na godoro kichwani, akielekea njia ya Molo.

Kisha upande wa pili ukafika. Watu wa Kaptich walikuwa wameona Mwihoko wakitoa mbegu zao zote kabla ya siku, bila neno, na mwaka wa kabla ya uchaguzi. Hawakuhitaji kuambiwa maana yake. Wanaume kama thelathini walisimama mbele ya ghala lililo nyuma ya jiko la Wachuka, wakitaka viazi vyao. Hawakuwa na ufunguo, maana Sally alikuwa Molo. Mmoja wao alikuwa na panga. Alisema ni la kukata kamba za magunia.

"Fungua, mama," akasema.

"Ufunguo anao Sally."

"Na nyinyi mlingoja ufunguo?"

Muiruri akamshika Wachuka mkono, akamwingiza jikoni, akafunga mlango. Ni mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Nimeona magunia chini ya kitanda. Ulifanya nini?"

Akamwambia yote: karatasi, jino, uji, kichanja. Alipokuwa anasema, kila kitu kilionekana kidogo na cha aibu, na nje sauti zilikuwa zinapanda.

"Levis amepiga," Muiruri akasema. "Wametoka Nakuru kitambo, wamepita Njoro. Wakifika wakute maghala matupu, hiyo hoja imekufa. Na hao wako hapa nje hawangoji hoja."

"Nitawaambia nilikuta zimeoza."

"Kwa store ya Sally? Nani ataweka mbegu huko tena?"

"Nitasema ni panya."

"Ni hiyo hiyo."

"Nitasema nilitaka kuuza."

"Kabla ya siku? Utakuwa umevunja mkataba wewe mwenyewe." Muiruri alikaa kwenye kigoda. "Sema ukweli."

"Niwaambie nini, Muiruri? Nisimame hapo mbele ya watu, na umri huu, niseme niliona wivu?"

"Eeh."

Alimtazama mume wake kuona kama ana huruma. Alikuwa nayo, lakini hakumpa. Wachuka akafungua mlango.

Alipanda juu ya mkokoteni wake, pale barabarani, mahali ambapo wa juu na wa chini wote wangemsikia. Aliwahi kuhutubia watu mara nyingi, na alikuwa akipenda. Siku hiyo angependa ardhi ipasuke.

"Hakuna vita," alisema. "Nisikizeni. Hakuna mtu ameniambia kitu. Sijasikia kitu Nakuru, sijasikia kwa redio. Nilitoa waru zangu kwa sababu karatasi ya wazungu imeandika Sally ndiye alianza hii maneno ya mbegu, na si yeye, ni mimi. Nilitaka wakuje waone kichanja changu hakina kitu, waulize jina langu. Ni hivyo tu. Niliona wivu."

Alikuwa tayari kwa matusi, lakini walimtazama tu, na hilo lilikuwa gumu zaidi. Ndipo Winrose, mama mzee wa Kaptich aliyekuwa wa tatu kutia sahihi ile karatasi ya daftari, akauliza kutoka nyuma, "Wivu ya Sally?"

"Eeh."

"Tu?"

"Alinidanganya ati anaenda kung'oa jino. Nikampikia uji."

Winrose akaanza kucheka. Alicheka akajishika kiuno, akamwambia mwenzake kwa Kikalenjin, naye akacheka, na habari ya jino ikasafiri katika umati wote mpaka ikamfikia yule mwenye panga. Hakucheka, lakini aliligeuza akaliweka kwapani. Kamande ndiye aliyekasirika.

"Nimebeba gunia sita na hii mgongo yangu," akasema. "Nimeambia mtoto wangu asiende shule. Kwa sababu ya jino ya mtu?"

"Nisamehe, Baba Mwaura."

"Nimekuuliza kuna nini, ukasema hakuna kitu. Mimi, Mama Shiko. Uliniambia mimi hakuna kitu."

Hapo Wachuka akalia, maana alikumbuka maneno hayo hayo yalivyompoteza kaka yake Kamande. Alishuka kwenye mkokoteni akasimama mbele yake. Kamande alipangusa pua kwa mkono wa shati, akalitupa gunia lake begani, akaanza kupanda kilima kulirudisha Kaptich. Mmoja akamfuata, kisha wawili, kisha njia nzima.

Pikipiki ilifika ikiruka mashimo, na nyuma yake alikuwa Sally. Alikuwa ameitwa akiwa bado kwenye kiti cha msusi. Nusu moja ya kichwa ilikuwa imesukwa safi, nusu nyingine ilikuwa imesimama wima kila upande. Alishuka, akatazama watu, akamtazama Wachuka na macho yake mekundu, na mtu akamweleza kwa Kikalenjin. Wachuka aliuona uso wa Sally ukibadilika wakati wa neno la jino.

Sally aliwapita wote. Alikwenda nyumbani kwa Wachuka, akainama chini ya kitanda cha Shiko, akavuta gunia la kwanza.

Walipanda nalo kilima wakiwa wawili, na punda nyuma yao na yaliyobaki. Ghalani watu wengine walikuwa wanamimina mbegu zao wakitaniana kwa sauti za uchovu. Sally na Wachuka walisimama kwenye kichanja cha katikati, wakapanga kiazi kimoja kimoja. Machipukizi mengi yalikuwa yamevunjika. Yatachelewa kuota mwaka huu, na Wachuka alijua ni yeye aliyeyavunja.

"Sikusahau," Sally akasema, bila kuinua kichwa. "Usifikiri nilisahau. Waliniuliza nani alianza, nikasema ni mimi."

"Kwa nini?"

"Wewe ulirudi kutoka kambi ukapewa pole, ukapewa mabati, ukapewa blanketi. Uko na Muiruri. Uko na Shiko wa ofisi. Mimi store yangu ilichomwa pia, na bwana yangu, Baba Maxwel, alitoka hiyo mwaka hajarudi mpaka leo. Hakuna mtu aliniambia pole. Mimi ni wa upande ya wenye walichoma." Alikiweka kiazi mahali pake. "Nilitaka kitu moja tu iwe yangu."

Wachuka alitafuta jibu kali, na yalikuwepo kadhaa. Kwa miaka kumi na sita alikuwa akimhusudu Sally shingo na Kiingereza, na haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu wa kumhusudu yeye. Ajabu ni kwamba habari hiyo ilimpendeza kidogo. Aliona aibu kwa kupendezwa, lakini alipendezwa.

"Na ule uji?" akauliza.

"Ulikuwa na sukari nyingi."

Wageni waliingia wakati huo huo. Walikuwa watatu, wanaume wawili na mama mmoja mrefu mwenye pua iliyoungua na jua, Levis akiwa mbele yao ndani ya koti lake, jasho likimtoka. Njiani walikuwa wamekuta watu mia wakipanda kilima na magunia. Yule mama aliuliza kama ni sherehe, na Levis, aliyekuwa ameshapata habari zote kwa simu, alijibu kwamba ni desturi ya kukumbushana mkataba. Kumbe kudanganya anajua akibanwa. Mmoja wa wanaume alikuwa anapiga picha kila kitu, hata punda.

Mama mwenye pua alimjua Sally kutoka kwenye video. Alimshika mikono yote miwili. Sally, na nusu kichwa chake kile, alivuta pumzi akaanza kwa Kiingereza kwamba kuna kosa katika karatasi yao, kosa kubwa.

"Mama Maxwel, ngoja," Levis akamkatiza haraka kwa Kiswahili, akitabasamu ili wageni wasishtuke. "Najua unataka kusema nini. Lakini wakibadilisha hiyo hoja sasa, lazima itolewe iandikwe upya. Bunge yao inafunga wiki ijayo mpaka Juni. Ujenzi wa Keringet unaanza Mei. Na kuna wenzao wanatafuta tu sababu ya kusema nyinyi wenyewe hamuelewani."

Sally akaiachia mikono ya mgeni. Alimgeukia Wachuka. "Ni yako," akasema. "Sema wewe."

Mbunge alikuwa anangoja, kalamu mkononi, akimtazama mmoja kisha mwingine. Wachuka alitazama jina lake kwenye ubao. Rangi ilikuwa imebambuka kwenye herufi ya kwanza. Lingeingia vizuri sana kwenye ile kalamu. Lilikuwa fupi, hata mzungu angeliweza. Alimfikiria Kamande, ambaye wakati huo alikuwa kwenye kona anapanga viazi vyake na mgongo unamuuma. Akapiga moyo konde.

"Mwambie kosa ni ya miaka," akamwambia Levis. "Wameandika Sally ana hamsini na mbili. Ana hamsini na sita."

Levis akafasiri. Mbunge akacheka sana, akaandika. Sally alimtazama Wachuka kwa jicho la pembeni, na kwa dakika nzima hakujua aweke wapi mikono yake.

Jumanne hoja ilipita. Levis aliandika kwenye grupu kwamba ni kura themanini na nane kwa sabini na moja, na kwamba Keringet hakutajengwa kitu mpaka maghala mawili yahakikishiwe. Watu wa Mwihoko walipiga makofi kanisani Jumapili. Kaptich walichinja mbuzi. Wachuka alikula nyama hiyo, akasifu mpishi, na hakuna aliyemwona akimeza kwa shida.

Wiki hiyo Shiko alimtumia picha iliyotoka kwenye mtandao wa bunge lile. Sally alikuwa mbele, shingo yake imenyooka, nusu ya kichwa iliyosukwa ndiyo iliyoelekezwa kwenye kamera. Nyuma yake alikuwa mtu ameinama chini ya gunia, uso hauonekani. Wachuka alizijua gambuti zilizokuwa miguuni: zilikuwa zake.

"Imeandikwa nini hapo chini?"

"Mum, wacha tu."

"Soma."

Shiko akakohoa. "Inasema, Bi Sally Chebet, umri wa miaka hamsini na sita, na mwanamke mwingine."

Wachuka aliizima simu, akakaa nayo mapajani. Ilimuuma, tena ilimuuma mahali palepale, kama hakuwahi kusema lolote juu ya mkokoteni. Alikuwa amedhani ukishaliungama jambo mbele ya watu linakwisha. Mbegu zake zilikuwa kule juu, kufuli jipya limetiwa, ufunguo ukining'inia shingoni mwake, na hakuna kitu angeweza kufanya nao mpaka Machi.

Akasikia mtu langoni. Ilikuwa siku ya Sally kuja kukagua mbegu za Kaptich, kama anavyofanya kila Jumamosi. Alikuwa ameshamaliza kusukwa nywele, amevaa sweta jipya, na simu iko mkononi. Alikuwa ameiona picha.

"Hodi," Sally akaita. "Mwanamke mwingine yuko?"

Wachuka akasimama polepole, akajifuta mikono ingawa haikuwa na kitu, akamjia mpaka langoni.

"Karibu, Mama Maxwel," akasema. "Jino linaendeleaje?"

Sally akacheka mdomo wazi, na Wachuka, akimfungulia, akayahesabu meno yake. Yote yalikuwamo.